SOMO: Kinyonga mgeni, jinsi ya kumtuliza kwenye banda bila kumuua kwa mapenzi

Wadau habari za jioni. Somo hili niliahidi tangu mvua zinaanza nikawa nasogeza tu mbele, leo umeme umekatika huku Kisasa, Dodoma, basi nimekaa barazani naandika kwa simu, mkiona nimekosea herufi mnivumilie.

Nianze na aibu yangu. Kinyonga wa kwanza nilimuweka kwenye tangi la samaki la kioo, nikalisogeza dirishani apate jua, bakuli la maji pembeni, na kila nikitoka kazini namtoa namuweka begani tunapiga picha. Enzi hizo hata sikujua kama kumfuga kunahitaji kibali. Wiki ya pili macho yakazama ndani kama ya mtu aliyeharisha siku tatu, rangi ikawa kahawia asubuhi mpaka jioni, amejibana kona ya chini. Daktari wa mifugo alipomwona tu akauliza, "huyu anakunywa maji?" Nikamwonyesha bakuli. Hakusema kitu, akatikisa kichwa. Baada ya siku mbili nikamzika chini ya mpera.

Sasa huyu niliyenaye ni yule wa kawaida wa kwetu, wa kijani mwenye vingozi kama masikio shingoni, mafundi walimkata mguu wa nyuma na panga wakifyeka kiwanja Nzuguni, asingeweza kurudi porini. Safari hii nilianzia ofisi ya wanyamapori, manake kinyonga ni mnyamapori na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, fuatilia hilo kabla hujamwita fundi wa banda. Na ukimkuta mzima kwenye ua wako mwache huko huko, anakulia wadudu bure.

HATUA YA 1: banda liwe tayari kabla mgeni hajafika. Mimi nilitumia mbao za tubaitu, upana futi 2, kina futi 2, kwenda juu futi 4, pande zote wavu wa chuma wa dirishani wenye matundu madogo. Wavu wa kuku usijaribu, panzi wote watatoka wakuachie kinyonga na njaa yake. Kioo hapana, hewa haipiti, joto linajikusanya, na akiona sura yake anadhani kuna mwenzie amekuja kumpora mahali. Matawi ndo nyumba yenyewe: nilipewa vipande vya mizabibu iliyokatwa, vinene kama kidole, nikavisugua kwa maji tu na kuvifunga kwa kulalia ili aweze kupanda kutoka chini hadi juu. Ongeza mmea hai, hibiskasi kwenye kopo inatosha, ila uioshe majani kama umeinunua mahali wanapopuliza dawa. Banda liweke juu ya meza, tawi la juu lipite kimo cha macho yako. Kinyonga akikuona unamuinamia kutoka juu kwake wewe huna tofauti na kunguru. Miguu ya meza iweke kwenye makopo ya maji, siafu wakiingia usiku asubuhi utakuta mifupa.

HATUA YA 2: siku anapofika. Usimshike. Mlete na kijiti alichong'ang'ania, kiingize chote bandani, funga mlango, funika pande tatu kwa kanga, ondoka. Majirani watakuja kuona, waambie warudi baada ya wiki mbili. Hapa ndo wengi tunachemka, mtu amesubiri mnyama wake miezi halafu unamwambia asimguse. Lakini wiki ya kwanza una kazi tatu tu: kuweka maji, kuweka chakula, na kuondoka.

HATUA YA 3: maji. Hii nairefusha makusudi. Kinyonga maji ya bakuli hayatambui, yeye anakunywa tone linalong'aa kwenye jani, na Dodoma yetu kuanzia Juni mpaka Novemba hewa ni kavu, upepo na vumbi, hata midomo yetu sisi inapasuka, sembuse yeye. Nilichukua chupa ya lita moja na nusu, nikatoboa kifuniko kwa sindano ya moto, nikaigeuza na kuitundika juu ya wavu, tone moja kila baada ya sekunde mbili tatu linadondokea jani la hibiskasi. Nikajificha nyuma ya pazia. Alikaa kama dakika kumi na tano jicho moja linaangalia tone, jicho lingine linaniangalia mimi, alafu taratiiibu akasogea, akaachama kidogo, akaanza kutafunatafuna maji kama mtu anayeonja uji wa moto. Nilitaka kupiga kelele. Basi weka dripu hiyo kila asubuhi, na pulizia majani kwa chupa ya saluni asubuhi na jioni, katikati ya hapo paachwe pakauke maana unyevu usiokauka nao unaleta ukungu. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, utaona majani yanabaki na madoa meupe, kama ulikinga ya mvua tumia hayo. Kipimo chako ni choo chake: kile kipande kigumu cha mkojo kikiwa cheupe yuko sawa, kikiwa cha njano iliyokolea au rangi ya chungwa ana kiu, ongeza muda wa dripu.

HATUA YA 4: chakula. Panzi, nyenje, mende wa kufuga. Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho yake mawili. Mkubwa anatosheka na wadudu wanne watano kila baada ya siku moja. Usiokote panzi kwenye mashamba ya zabibu au bustani za mboga, dawa wanayopuliza inahamia kwake. Panzi walishe karoti na majani ya maboga siku moja kabla, kisha wanyunyizie kalsiamu, mimi nasaga maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa nachekecha yanakuwa kama poda. DCP, ile poda ya madini ya kuchanganyia chakula cha kuku, hapana, ina fosforasi na wadudu wenyewe tayari wanayo nyingi.

HATUA YA 5: jua. Sisi hatuhitaji taa za bei mbaya, toa banda nje asubuhi nusu saa hadi saa moja, lakini lazima upande mmoja uwe na kivuli ajichagulie. Jua lililopita kwenye kioo cha dirisha linampa joto tu, ile miale ya kuimarisha mifupa inabaki kwenye kioo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja chumba cha bati bila dari ni oveni, mchana mtafutie baraza. Usiku giza kabisa, usimuwashie taa ati aone.

MASWALI YA WADAU

Wa kwangu ana siku ya nne hajala, nimfungue mdomo nimlishe?
Hapana mkuu, utamvunja taya. Mgeni kugoma siku kadhaa ni kawaida. Hakikisha anakunywa, muachie panzi wawili asubuhi halafu usichungulie. Ikipita wiki au macho yakianza kuzama, daktari wa mifugo, na umbebee choo chake wapime minyoo, wa porini wengi wanayo.

Bibi yangu Mpwapwa kasema akikuuma hupati dawa, ana sumu.
Shikamoo kwa bibi, ila hana sumu kabisa. Akitanua shingo na kuachama anakutisha wewe uliye mkubwa mara mia, anaogopa yeye. Akikuuma utasikia kama kubanwa na kibanio cha nguo, basi.

Amekuwa mweusi upande mmoja, amechoka?
Saa ngapi? Kama ni asubuhi na upande huo ndo umeelekea jua, anajipasha joto tu, rangi nyeusi inanyonya joto. Akiwa mweusi mwili mzima mchana kutwa kuna kinachomkera, angalia paka, watoto, au kioo karibu.

Nimuongezee mwenzie asiwe mpweke?
Upweke ni wetu sisi, yeye anataka kuwa peke yake. Wakikaa wawili mmoja ataacha kula, na hutamjua mpaka akonde.

Dada wa Kongwa hapa, wangu ana tumbo limejaa pembeni, siku mbili anashuka chini anakwaruza sakafu ya banda.
Dada huyo ana mayai na anatafuta pa kufukia, usilale leo. Chukua ndoo, jaza mchanga wenye unyevu kina cha sentimita 20 au zaidi, ukiufinya ushikane lakini usitoe maji, muweke humo na ufunike pande zote asikuone. Akikuona ataacha kuchimba, na mayai yakimbakia tumboni yanamuua. Kesho asubuhi chungulia mara moja tu, ukikuta mchanga umefukiwa na yeye kajaa udongo kichwani amekonda, mpe maji kwanza, muda mrefu, halafu panzi.