Namna ya Kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika

Kigawo Kikubwa cha Shirika, ambacho wanafunzi wamezoea kukiita KKS, ni namba kubwa kuliko zote inayoweza kugawa namba mbili au zaidi bila kuacha baki. Fundi mwenye chumba cha sentimita 360 kwa 300, anayetaka kutandika vigae vya mraba vilivyo vikubwa kadiri inavyowezekana bila kukata hata kimoja, anatafuta KKS, nayo ni 60; vigae 30 vitamtosha.

Kwa namba ndogo, orodha ya vigawo inatosha. Vigawo vya 24 ni 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24; ukianza na kilicho kikubwa na kushuka, cha kwanza kinachogawa 36 pia ni 12.

Namba zikikua, zigawanye kwa pamoja kwa namba tasa, yaani zile zinazogawika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Chukua 84 na 126: ukigawanya kwa 2 unapata 42 na 63, kwa 3, unapata 14 na 21, kwa 7, unapata 2 na 3, ambazo hazigawiki tena kwa pamoja. KKS ni 2 × 3 × 7, yaani 42. Wengi hukosea hapa kwa sababu jedwali hilohilo la kugawanya hutumika kutafuta KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika, namba ndogo kuliko zote inayogawika kwa namba zote zilizotolewa, ambapo huendelea kugawanya hata kama ni namba moja tu inayogawanyika. Katika KKS zinahesabiwa zile tu zilizogawa namba zote.

Njia ninayoipenda zaidi imo katika maandishi ya Euclid, Mgiriki aliyeishi takribani mwaka 300 KK. Msingi wake ni kwamba namba inayogawa namba mbili hugawa pia tofauti yao, na kwa hiyo hugawa baki. Kwa 1,092 na 455, gawanya kubwa kwa ndogo, baki ni 182. Gawanya 455 kwa 182, baki ni 91. Gawanya 182 kwa 91, hakuna baki. Kigawanyo cha mwisho, 91, ndicho KKS. Aliyetumia namba tasa angeweza kukwama kwenye 91, kwa kuwa wengi huidhania kuwa tasa, kumbe ni 7 × 13.

Zikiwa namba tatu, tafuta KKS ya mbili za kwanza, kisha ya jibu hilo pamoja na ya tatu: kwa 84, 126 na 70, utatafuta ya 42 na 70, upate 14.