Kabla ya kuchora ramani ya maporomoko ya barafu

Anza na watu. Tarehe 30 Agosti 1965, huko Mattmark nchini Uswisi, ncha ya barafuto (mto wa barafu unaosogea polepole) ya Allalin ilimeguka ikaangukia mabanda ya wajenzi wa bwawa, wakafa 88. Mabanda hayo yalikuwa chini kabisa ya ulimi wa barafu. Kwa hiyo, kabla ya kufungua picha za setilaiti, jua nani analala wapi, na miezi gani. Mchungaji anayepandisha mifugo kiangazi tu huenda hayumo kwenye orodha ya kijiji, naye ndiye aliye karibu zaidi na hatari.

Kisha waulize wazee na upekue kumbukumbu za zamani. Malisho yaliyo chini ya mlima Altels, Uswisi hiyohiyo, yalifunikwa na barafu mwaka 1782, na mwaka 1895 yakafunikwa tena, wakafa watu 6 pamoja na ng'ombe wengi. Barafu ilipowahi kupita, weka alama hata kama leo pana majani mabichi.

Sasa panda kwenye barafu yenyewe. Pima mteremko, lakini usiutenge na joto. Barafu iliyogandamana na mwamba huweza kushikilia hadi kwenye mteremko wa nyuzi 45 hivi. Yenye maji chini yake huanza kuwa ya mashaka kwenye nyuzi 25. Ndiyo maana siku za joto kali zinahitaji jicho la pekee: barafuto ya Marmolada, Italia, ilimeguka tarehe 3 Julai 2022 baada ya majira ya joto kuwahi, ikaua watu 11. Wala mteremko mpole usikulaze usingizi. Kule Aru, Tibet, Julai 2016, sehemu ya chini ya barafuto iliyotulia kwenye mteremko mdogo iliteleza na kuwafukia wachungaji 9.

Itafika wapi? Hapa ndipo ramani nyingi zinapokosea kwa ubahili. Kipimo cha kuanzia ni nyuzi 17 kutoka pale barafu inapovunjikia: kwa kila mita 1 ya kushuka, hesabu zaidi ya mita 3 za kwenda mbele. Ongeza tena ikiwa njiani kuna theluji, ziwa, au udongo uliolowa. Mwaka 2002 barafuto ya Kolka, kule milima ya Caucasus, Urusi, ilikwenda karibu kilomita 19 bondeni na kuua zaidi ya watu 100.

Tazama pia juu ya barafu. Huko Blatten, Uswisi, mawe ya mlima ulio juu yaliilemea barafuto ya Birch, nayo ikaongeza mwendo. Waliokuwa wakiipima waliona, na tarehe 19 Mei 2025 wakazi kama 300 wakahamishwa. Siku tisa baadaye kijiji kilifukiwa. Vipimo vya mwendo viliokoa mamia ya watu. Nisingekubali ramani isiyo na mpango wa kuvichukua kila siku nyufa zinapopanuka.

Mtu mmoja alikufa Blatten, naye alikuwa nje ya eneo lililoamriwa kuhamwa. Ukishachora mstari wako wa kuhama, chora wa pili nje yake, na walio kati ya mistari hiyo miwili wajue siku hiyohiyo, kwa simu au kwa kubishiwa hodi.