Kuongeza meno ya nyuma kwenye baiskeli ya gia za ndani

Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye habu (kitovu cha gurudumu) nene ya gia tatu ya Shimano Nexus, zimezoea barabara tambarare. Pakia dumu la mawese upande nayo kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga, hata gia ya kwanza utaiona nzito. Wateja huniambia habu imekufa. Haijafa, sproketi ya nyuma, ile sahani ya meno inayovutwa na mnyororo, ndiyo ndogo.

Chukua yenye meno 33 mbele na 14 nyuma. Mimi huifunga 18. Hapo gia ya pili inakaribia ile ya kwanza ya zamani, na ya kwanza mpya inabaki ya mlimani. Anayetaka 22 namkatalia: nyuma ikiwa kubwa mno, nguvu ya mguu inaviumiza vimeno vya ndani ya habu, na spea zake kuzipata huku ni kazi.

Kabla ya kutoa tairi, legeza skrubu ya kile kiboksi cha waya wa gia upande wa kulia, ukivute. Chomoa pini nyembamba iliyo ndani ya ekseli uitie mfukoni. Ikipinda, gia hazishiki. Fungua na mkono wa breki kwenye fremu.

Sproketi imeshikwa na ringi ya waya. Funika kwa kitambaa, ibanue kwa bisibisi bapa kuanzia penye mwanya, maana huruka. Ndani sproketi ina masikio matatu, sawa na za Sturmey-Archer, habu za Kiingereza, kwa hiyo hata ya Raleigh kuukuu yenye gia tatu inaingia.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Sproketi hizi zina tumbo, yaani zimebonyea upande mmoja. Ukiligeuzia ndani au nje, mnyororo unahama milimita kadhaa. Chungulia kwa nyuma: mnyororo uende sambamba na sproketi ya mbele, la sivyo utadondoka mtelemkoni. Kama bado kidogo, hamisha wasa, kile kisahani bapa kilicho kando ya sproketi. Ya milimita 1.6 ikitoka nyuma ya sproketi kwenda mbele yake, inausogeza kiasi hichohicho. Usipunguze unene wa jumla, sproketi itacheza; wala usiuongeze, ringi haitakaa kwenye mfereji wake. Izungushe ringi kwa kidole: ikiwa imeinuka popote, haijaingia.

Meno manne zaidi yanakula inchi moja ya mnyororo. Sogeza tairi mbele nusu inchi. Nafasi ikikosekana, ongeza pingili mbili. Zile wasa za kuzuia ekseli isizunguke zirudi mahali pake kabla ya nati.

Rudisha pini na kiboksi, weka gia ya pili, kaza waya hadi mstari ulio kwenye kidirisha ukae katikati ya alama mbili. Jaribu gia zote bila mzigo. Pedali ikiteleza, rudi kwenye waya kwanza, mawese yasubiri.