Jinsi ya kumpendekeza mwandishi wa Kiswahili kwa Nobel ya Fasihi

Nafundisha fasihi ya Kiswahili chuo kikuu, na kila Oktoba, mshindi wa Nobel ya Fasihi akitangazwa, wanafunzi huniuliza mbona waandishi wetu hawatajwi. Nami huwauliza: nani amewapendekeza? Mwandishi haruhusiwi kujipendekeza, na msomaji wa kawaida hawezi kumsemea. Wenye ruhusa ni maprofesa wa fasihi na isimu, washindi wa zamani wa tuzo hiyo, wajumbe wa Akademia ya Uswidi, ambayo ndiyo huchagua mshindi, na wa akademia za aina yake, na marais wa vyama vya waandishi vinavyowakilisha fasihi ya nchi zao. Kama wewe si mmoja wao, mwendee aliyemo.

Chagua aliye hai. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya na mashairi wa Tanzania, alifariki Januari 2020, na marehemu hapendekezwi. Linaniuma hadi leo. Kwa hiyo wazee wetu wanaoendelea kuandika wasisubirishwe.

Barua ya pendekezo ifike kwa Akademia hiyo, Stockholm, kabla ya tarehe 31 Januari kupita. Sifa kama "gwiji" na "nguli" ziache, hazimsaidii mtu asiyemjua mwandishi wako. Kazi kubwa ni tafsiri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda 2021, huandika kwa Kiingereza, hivyo vitabu vyake vilisomeka moja kwa moja. Wa kwako usitegemee hilo. Akiwa mshairi, chukua ubeti mmoja wa utenzi wake, uuweke kama ulivyo, vipande vinne vya mizani (silabi) nane nane. Chini yake weka maana kwa lugha ya nathari, kisha tafsiri inayojaribu kubeba vina. Pigia mstari kina cha kipande cha nne na ueleze kwamba hichohicho kinarudi kila ubeti hadi mwisho, hata utenzi ukiwa na beti 500. Msomaji makini akiliona hilo kwa macho yake, atataka kusoma zaidi.

Ambatisha orodha ya vitabu, wachapishaji na mahali vinapopatikana. Majina yakishachujwa hadi matano hivi, wajumbe wa Akademia husoma vitabu vyenyewe miezi ya kiangazi cha Ulaya, na mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Kitabu kisichonunulika popote kitasomwaje?

Ukishatuma, usitangaze. Majina ya waliopendekezwa hufichwa kwa miaka 50. Tunza faili lako, na tafsiri mpya ikitoka iongeze, maana mwaka unaofuata barua huandikwa upya.