Gia za gari zinagoma leo kesho ziko sawa? Angalia waya kabla hujanunua sensa

Kama una Vitz, Demio, Fit ama March ya otomatiki hapa Mombasa na gia zimeanza vituko, leo inaingia gia kwa kishindo kesho iko sawa kabisa, taa ya injini inawaka Makupa ukifika Changamwe imezima yenyewe, tafadhali usikubali mtu akwambie giaboksi imekufa kabla hujafanya haya ntakueleza. Shida ya kuja na kuondoka mara nyingi ni umeme unakatika mahali, manake chuma kikivunjika ndani ya giaboksi hakijiungi chenyewe usiku.

Mimi nilibadilisha sensa mbili (vile vifaa vidogo vinavyopelekea kompyuta ya gari habari) kwa kuambiwa, zote mbili zilizotolewa zilikuwa nzima. Pesa ilienda na gari ikaendelea kunikwama foleni ya feri Likoni, watu nyuma wanapiga honi na mimi sijui nifanye nini.

Elewa kwanza kuna nini pale. Kuna sensa inayosoma spidi ya kuingia kwenye giaboksi, kuna ya spidi ya kutoka, alafu kuna swichi inayojua liva iko P, R, N ama D. Kompyuta ikikosa habari ya mojawapo inajilinda, inashikilia gia moja, nyingi zinakaa kwa ya 3, ndo unaona gari nzito kutoka kama imebeba mawe. Kwa zile za CVT (otomatiki ya mkanda, haina gia za kupanda moja moja) utahisi tu nguvu imepungua. Ikiwa ni ile swichi ya liva, utaona herufi za P R N D zinapotea kwa dashibodi, ama gari haiwaki kwa P mpaka uweke N, ama taa za rivasi zinagoma.

Sasa chukua kidaftari, wiki moja tu, kila ikitokea andika gari ilikuwa na joto ama baridi, kulinyesha ama imetoka kuoshwa, na ilikuwa imepita kwenye shimo ama tuta. Usidharau hii. Ikija baada ya nusu saa ya jam ya Nyali Bridge, hapo ni joto, ikija asubuhi baada ya mvua ni maji kwenye plagi, na ikija kwa matuta tu basi waya umelegea ama umekatika ndani ya ngozi yake.

Alafu pima na skana, mashine ya kusoma makosa yaliyowekwa na kompyuta ya gari. Zile ndogo za Bluetooth za OBD2 (unachomeka kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, unasoma kwa simu) zinasaidia, ila gari nyingine za Japani za zamani hazikubali kuongea nazo ama hazitoi habari za giaboksi, hapo tafuta fundi mwenye mashine kubwa. Piga picha namba zote za makosa KABLA hazijafutwa. P0705 ni swichi ya liva, P0715 na P0717 ni spidi ya kuingia, P0720 na P0722 ya kutoka. Lakini sikiza vizuri hapa, namba inakwambia signali ya hio njia ina shida, haisemi sensa imekufa. Njia ni sensa, plagi, waya na kompyuta yenyewe.

Kitu kilichonifungua macho ni kuangalia spidi za sensa zikitembea kwenye skana. Tulienda Dongo Kundu barabara imenyooka, mimi naendesha ndugu yangu ameshika simu (usifanye peke yako), tuko 60, mara spidi ya kutoka kwenye giaboksi ikaanguka 0 alafu ikarudi 60, na magurudumu yanazunguka vilevile. Gari haiwezi kusimama na kutembea kwa sekunde moja, kwa hivyo ni signali ilikatika.

Rudi nyumbani, zima gari, iache ipoe, toa tamino ya negativu ya betri, chomoa plagi ya ile sensa. Mulika ndani na tochi. Yangu pini moja ilikuwa na unga wa kijani kama ule unaota kwenye sinia ya shaba, na ukigusa waya wake ulikuwa mgumu kama ukuni. Ndo chumvi yetu hio ya bahari, inaingia polepole miaka na miaka. Safisha na spre ya vifaa vya umeme, usikwangue na msasa, angalia raba ya plagi haijapasuka, na usitoboe waya kwa sindano ya mita manake hapo umefungulia chumvi mlango. Waya ulioliwa ukate mpaka ufike shaba inayong'aa.

Kama plagi ni safi, rudisha betri, injini ikiwa inanguruma kwa P, handbreki juu, mtu mmoja aangalie skana wewe utikise waya taratibu, mikono mbali na feni na mikanda. Kwa shida ya joto, sensa ya waya mbili ipime ohm (ukinzani wa umeme) kwa mita ikiwa baridi alafu ipashe na draya ya saluni upime tena, ikikatika kabisa hio ndo ya kubadilisha. Ya waya tatu usiipime ohm, wewe angalia kama umeme na negativu vinafika kwenye plagi yake.

Usisahau betri, injini ikinguruma inatakiwa isome kama volti 13.5 mpaka 14.7, na ule waya mweusi unaoenda kwa bodi na giaboksi ufungue usugue kutu ufunge vizuri. Oili ya gia pia icheki, ikiwa chini ama inanuka kuungua gia zinateleza na namba zinafanana na za sensa. CVT ni oili yake tu, usiweke ya otomatiki ya kawaida.

Na wale vijana wa kuosha magari waambie kabisa wasipige presha kwenye injini.

Ukimaliza futa namba, alafu ipeleke palepale ilipokuwa inakugomea na saa ileile, yangu niliipeleka Likoni saa kumi na moja jioni siku tatu mfululizo, ikapanda feri ikashuka bila kuwaka taa.