Jinsi ya Kumpa Malenga Nafasi Kamili Katika Mchezo wa Kuigiza Wahusika

Anayesimamia mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani ambao kila mchezaji huigiza shujaa wake na dadu huamua kama tendo limefaulu, huulizwa mapema kama malenga atakuwa fani ya msingi, sawa na mpiganaji, mwizi na mchawi, au ataachwa pembeni. Mimi humweka katika msingi kila mara, kwa sharti kwamba wimbo wake utende jambo ambalo upanga na uchawi haviwezi kulitenda.

Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, yenyewe imesitasita juu ya jambo hili. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 malenga alikuwa kwenye kiambatisho, na aliyemtaka alipaswa kuanza kama mpiganaji, ageuke mwizi, ndipo apokee mafunzo ya madruidi, yaani makuhani wa maumbile. Toleo la pili, la mwaka 1989, lilimruhusu kuanza moja kwa moja. La nne likamwacha nje ya kitabu cha kwanza mwaka 2008, likamrudisha katika cha pili mwaka uliofuata.

Anza na kanuni iliyopo. Katika toleo la mwaka 2014, malenga anayeanza humpa mwenzake dadu ya pande sita, naye huiongeza kwenye dadu yake ya pande ishirini ndani ya dakika kumi. Usimruhusu mchezaji aseme tu kwamba ametoa dadu. Mwombe mshororo mmoja wa mizani kumi na sita. Katika kikundi chetu cha Buruburu, mpiganaji alikuwa akisukuma lango la ngome, na hesabu yake ilifika 12 ilhali alihitaji 15. Malenga alikuwa amekwisha kumghania, “Simama usitishike, mlango u mbele yako,” na dadu aliyompa ikatoa 4. Meza nzima ilijua ni nani aliyelifungua lango lile. Mchezaji mwenye haya asilazimishwe kuimba: aeleze wimbo unasema nini, inatosha.

Kisha tunga kikwazo ambacho wimbo pekee unaweza kukiondoa, na hapa ndipo unapopaswa kutumia muda wako mwingi wa maandalizi. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa tunaye Fumo Liyongo. Alipofungwa gerezani, kwa mujibu wa masimulizi, alimtumia mama yake ujumbe ndani ya wimbo kupitia kwa kijakazi Saada, akiomba tupa ifichwe katika mkate wa wishwa. Walinzi waliula mkate mzuri, wakamwachia ule duni. Halafu ikapigwa ngoma ya gungu, na kelele zake zikafunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Tazama kazi mbili zilizomo: wimbo uliosikiwa na wote ukaeleweka na mmoja, na ngoma iliyoziba masikio ya adui. Zigeuze ziwe kanuni. Mchezaji atunge mishororo miwili yenye ujumbe, wewe upime kwa dadu kama walinzi wameung’amua. Na kila mzunguko ambao ngoma inaendelea, mwenzake akate pingu moja bila kupimwa kwa kelele.

Kuhusu ala sina mengi ya kusema: zeze, nyatiti au kayamba, yoyote ambayo mchezaji anaifahamu kwa sauti. La muhimu zaidi ni muda, maana malenga anayeghani beti nne katikati ya pigano huwachosha wenzake, na mishororo miwili ndiyo kikomo changu.

Mkikutana tena, mwachie yeye afungue kikao kwa kughani yaliyotokea mara iliyopita, na uweke kanuni kwamba watu wa mjini wanajua matendo aliyoyataja tu. Mwizi aliyesahauliwa katika wimbo hatapewa malazi ya bure, lakini pia mlinzi wa soko hatamtambua usoni.