Jinsi ya Kutathmini na Kupunguza Athari za Makazi Mapya kwenye Barabara Kuu

Mradi wa nyumba unapopangwa kando ya barabara kuu, watu huuliza kama barabara hiyo itaweza kubeba magari yatakayoongezeka. Swali hilo ni la haki, lakini ni pana mno. Kipande cha barabara kilicho kati ya makutano mawili ni nadra kushindwa. Kinachoshindwa ni makutano yenyewe, mara nyingi kwa upande mmoja tu, katika saa moja au mbili za asubuhi na jioni. Tathmini yenye manufaa hutaja ni makutano yapi, ni upande upi, ni saa ngapi, na foleni itafika wapi.

Mipaka ya tathmini

Mamlaka nyingi za barabara hudai tathmini kamili mradi unapotarajiwa kuzalisha safari 100 au zaidi za magari katika saa ya kilele, yaani ile saa moja yenye magari mengi kuliko zote. Kiwango hicho kinafaa kuanzia, lakini kisiwe kichaka cha kujifichia. Mradi wa nyumba 60 ukipimwa peke yake huonekana hauna madhara, ilhali miradi mitano ya namna hiyo inayotumia makutano yaleyale ni nyumba 300. Ndiyo maana ni lazima kuingiza kwenye hesabu kila mradi wa jirani ambao tayari umepata kibali, hata kama msingi wake haujachimbwa. Vivyo hivyo, uchunguzi usiishie kwenye lango la mtaa mpya: fuata magari hadi pale yanapotawanyika kiasi kwamba ongezeko lake halionekani tena.

Kuhesabu magari yaliyopo

Hesabu ifanyike katika siku za kawaida za kazi, shule zikiwa zimefunguliwa, na pasiwe na matengenezo ya barabara karibu. Rekodi kila upande unaokata na kila unaokwenda moja kwa moja kwa vipindi vya dakika 15, ukitenganisha magari madogo, malori, mabasi, pikipiki, baiskeli na waenda kwa miguu.

Hapa pana kosa linaloharibu tathmini nyingi, nalo ni kuhesabu magari yanayopita na kuyasahau yanayosubiri. Makutano yakishajaa, idadi ya magari yanayopita kwa saa huonyesha uwezo wa makutano hayo, wala haionyeshi ni wangapi waliotaka kupita. Mtu akisoma takwimu hizo bila kuangalia foleni anaweza kudhani kwamba mahitaji ni madogo, kumbe nyuma yapo magari mengi ambayo hayajafika hata mahali pa kuhesabiwa. Pima basi urefu wa foleni mwanzoni na mwishoni mwa kila kipindi, na mabadiliko yake uyajumlishe kwenye idadi ya waliopita.

Kukadiria safari mpya

Njia ya kuaminika kuliko zote ni kupima mtaa unaofanana na ule unaopangwa: ukubwa wa nyumba unaokaribiana, kipato kinachokaribiana, na umbali uleule kutoka kituo cha mabasi. Mahali pasipo na vipimo, wataalamu hutumia viwango vilivyochapishwa. Vile vya Marekani, kwa mfano, huweka nyumba moja inayojitegemea kwenye safari 9 hadi 10 za magari kwa siku, na karibu safari 1 katika saa ya kilele cha jioni. Viwango hivyo vilipatikana mahali ambapo karibu kila kaya ina gari. Kuvihamisha bila kuvirekebisha hadi mahali ambapo wengi hupanda basi au hutembea ni kujidanganya.

Chukulia mtaa wa nyumba 400, kila nyumba ikizalisha safari 0.7 katika saa ya kilele cha asubuhi. Hizo ni safari 280. Asubuhi wengi hutoka, hivyo robo tatu, yaani magari 210, yataelekea nje. Asilimia 60 ya hayo yakielekea mjini, magari 126 yataongezeka kwenye upande mmoja wa makutano, yaani mawili na kidogo kila dakika. Msemaji wa mradi atasema kwamba magari mawili kwa dakika si kitu.

Sasa tazama makutano yenyewe. Ikiwa upande huo una uwezo wa kupitisha magari 1,000 kwa saa na tayari unapitisha 850, utafika 976. Magari yameongezeka kwa chini ya asilimia 15, lakini kiwango cha kujaa kimepanda kutoka asilimia 85 hadi karibu 98. Kwa kanuni rahisi ya nadharia ya foleni, wastani wa magari yaliyomo kwenye mfumo, yaani yanayosubiri pamoja na linalopita, hupanda kutoka karibu 6 hadi karibu 40. Kilele halisi hakidumu muda wa kutosha kufikia idadi hiyo yote, lakini mwelekeo wake ni wa kweli, na ndio unaoeleza kwa nini barabara iliyokuwa ikivumilika hugeuka kero ndani ya muhula mmoja wa shule. Wahandisi hushtuka mapema, makutano yanapokaribia asilimia 85 au 90, kwa sababu hiyo.

Fanya hesabu hii kwa hali ya leo, kwa mwaka wa kukamilika bila mradi, kwa mwaka huohuo pamoja na mradi, na kwa miaka 5 au 10 baadaye.

Usalama hauonekani kwenye hesabu ya foleni

Lango jipya linaweza kuwa na nafasi tele ya magari na bado likaua. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva anahitaji takriban mita 130 kuona hatari, kuamua na kusimama. Simama mahali lango litakapokuwa, kwa kimo cha macho ya dereva, uhakikishe kwamba kona, kilima, mti au bango havizibi umbali huo. Chunguza pia wapi watoto watavuka na wapi basi litasimama.

Hatua za kupunguza athari

Anza na ramani ya mtaa kabla ya kugusa barabara kuu. Duka, shule ya awali na njia fupi ya miguu hadi kituo cha mabasi huondoa safari ambazo hakuna upanuzi wa barabara utakaozibeba kwa bei hiyo. Kisha elekeza lango kwenye barabara ndogo inayoungana na barabara kuu mahali pamoja, badala ya kutoboa milango kadhaa.

Wanaokata kuvuka mkondo wa magari yanayokuja wapewe njia yao ya kusubiri. Kila gari huchukua karibu mita 7 kwenye foleni. Magari 8 yanahitaji mita 56, mbali na nafasi ya kupunguzia mwendo. Njia fupi kuliko foleni yake ni hatari, maana gari la mwisho hubaki likisimama kwenye njia ya wanaopita kwa kasi.

Kupanga upya muda wa taa ni hatua ya gharama ndogo na ijaribiwe mapema. Mzunguko wa barabarani wenye njia moja (raundabauti) nao hupunguza sehemu ambazo magari yanaweza kugongana kutoka 32 hadi 8 kwenye makutano ya pande nne, lakini hufanya kazi vibaya upande mmoja ukiwa na magari mengi kupita kiasi. Kuongeza njia za barabara nzima kuwe hatua ya mwisho: kama makutano yanayofuata hayakupanuliwa, foleni itahamia huko tu, na barabara pana huvuta safari ambazo awali hazikuwepo.

Masharti yanayotekelezeka

Ahadi ya kujenga makutano "mradi utakapokamilika" haina nguvu, kwa kuwa mwendelezaji anaweza kuacha nyumba chache za mwisho bila kuzijenga. Sharti lifungwe kwenye idadi: nyumba ya 100 isihamiwe kabla ya njia ya kukatia kukamilika, ya 250 kabla ya taa kuwaka. Dhamana ya fedha iwekwe kabla ya kazi kuanza, na njia na saa za malori ya ujenzi ziandikwe kwenye kibali. Nyumba nyingi zikishahamiwa, hesabu irudiwe mahali palepale na kwa saa zilezile, na mwendelezaji alipie marekebisho ikiwa magari yamezidi makadirio yake.